Ukurasa wa Alhamisi

Mkuu wa kituo aliilaza ile shajara juu ya meza, ndani ya mfuko wake wa plastiki, akaigonga kwa ukucha.

"Kobe, soma mwenyewe. Huyu mzee katuandikia kesi yote. Sisi kazi yetu imebaki kupiga muhuri."

Mpelelezi hakukasirika kuitwa Kobe. Jina hilo alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu alitumia siku mbili kupekua chumba ambacho wao walikimaliza kwa saa moja, na kwa sababu alikipata walichokikosa. Alivaa glavu, akaitoa shajara, akafungua pale palipowekwa karatasi nyekundu. Juu ya ukurasa palikuwa pamepigwa chapa siku na tarehe. Chini yake mwandiko ulikuwa mdogo, umesimama wima kama mistari ya uso wa saa.

ALHAMISI. Umeme ulikatika saa tatu. Saa kumi mshonaji alikuja. Tuligombana. Nilimwambia hapana, na hapana yangu ni moja. Alilia, akatoka, akabamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikasimama. Shukrani: mlango haukuvunjika.

"Kila ukurasa unaishia na shukrani?" Kobe aliuliza.

"Kila ukurasa. Siku moja kashukuru soksi."

Mwenye shajara alikuwa fundi saa mstaafu, mzee wa miaka sabini na sita, anayeishi peke yake ghorofa ya pili. Alhamisi hiyo, saa kumi na moja jioni, alikutwa chumbani mwake kichwa kimepasuka, stuli imelala ubavu, hana fahamu. Tangu hapo yuko hospitalini, hajatamka neno. Ijumaa mpwa wake alikwenda kumchukulia nguo, akaikuta shajara mezani, akaisoma, akaileta kituoni mbio. Jioni hiyohiyo mshonaji wa ghorofa ya chini akatiwa mbaroni. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Amekuja saa kumi, wamegombana, ametoka," Mkuu alisema. "Mzee akaandika. Yule hasira hazijamwisha, akarudi, akamsukuma. Saa nane mchana namfikisha mahakamani kwa kujaribu kuua. Kama una lako, liwe mezani hapa kabla ya saa sita."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo.

Nje, kwenye benchi, alikaa shangazi wa mshonaji, mama mnene wa kitambaa cha kichwani, amekumbatia chombo cha chakula.

"Afande, nimemletea mwanangu chai na mkate. Askari wako anasema lazima avionje kwanza. Kaonja vipande vitatu! Anatafuta sumu au anatafuta kushiba?"

"Nitampelekea mwenyewe, mama."

"Mungu akuweke. Wewe angalau una macho ya mtu anayesikiliza."

Mshonaji aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na kila baada ya muda mfupi mkono wake ulipanda shingoni kuutafuta utepe wa kupimia, ambao ulikuwa umechukuliwa mapokezi. Alikunywa chai kwanza. Kobe alimwacha amalize.

"Nieleze tena."

"Nimeeleza mara nne, afande."

"Mimi ni mzito wa kuelewa. Nipe ya tano."

"Ilikuwa Jumatano, si Alhamisi. Nashona sare za shule, mashine yangu ni ya umeme. Umeme ukakatika nikiwa katikati ya kola. Nikakaa, nikachoka kukaa. Ilipofika saa kumi nikajisemea, ngoja nipande kwa Mzee. Nikapanda. Tukagombana. Nikashuka."

"Mligombania nini?"

Mshonaji aliinamisha kichwa. "Yangu na yake."

"Hayo yako na yake yanakupeleka gerezani."

"Nimempigia kelele mzee aliyenilisha utotoni, nikaubamiza mlango wake. Hilo nakubali, na aibu yake ninayo. Kumgusa, sikumgusa."

"Na Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kwangu, nashona. Nilikuwa nafidia kazi ya jana yake."

"Nani alikuona?"

"Mashine."

Kobe aliandika katika kijitabu chake maneno matatu: Umeme, siku gani. Ukurasa ulisema umeme ulikatika Alhamisi. Mshonaji anasema Alhamisi alishona kutwa kwa mashine ya umeme. Mmoja wao hayuko sawa, na jambo kama hilo halihitaji mtu kula kiapo. Linahitaji kuulizwa mtaani.

Saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea, inayotazamana na jengo la Mzee. Mtaa mzima walimwita Cheche. Ndiye aliyemkuta Mzee sakafuni, alipopanda kumrudishia bawaba aliyomtengenezea.

"Alhamisi?" Cheche alisukuma miwani yake myeusi juu ya paji la uso. "Alhamisi umeme ulikuwepo wa kumwaga! Nimechomelea lile geti la bluu kuanzia asubuhi mpaka nilipopanda kwa Mzee. Jumatano ndio walitutenda. Saa tatu tu, pu! Nikalala hapo kwenye benchi mdomo wazi, mke wangu akaja akanipiga picha, akaitupa kwenye kundi la ukoo. Mpaka leo wakwe wananicheka."

"Picha hiyo unayo?"

Alikuwa nayo. Simu ilionyesha Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana. Cheche alionekana vizuri sana, hata meno ya nyuma.

"Mlango wa Mzee uliusikia siku gani?"

"Jumatano hiyohiyo, saa kumi. Ndio ulioniamsha."

"Mbona hukumwambia askari?"

"Kaniuliza nani? Waliniuliza, Alhamisi ulisikia kelele? Nikajibu, Alhamisi sikusikia kelele. Swali lao nililijibu."

Kobe aliguna. Alimpigia Mkuu simu palepale, na jibu likarudi kavu.

"Cheche na mshonaji ni majirani, watabebana. Shajara haina jirani. Labda umeme ulikatika siku zote mbili, mmoja kalala, mwingine ana jenereta. Niletee kitu cha Mzee mwenyewe."

"Fundi," Kobe alimgeukia Cheche, "Mzee huandika saa ngapi?"

"Lile daftari lake? Asubuhi. Nikifungua karakana saa moja, namwona dirishani, kikombe mkono huu, kalamu mkono huu. Nampungia, hanioni. Akimaliza, ndio ananipungia yeye, kama vile mimi ndiye niliyechelewa kuamka."

"Asubuhi tu?"

"Miaka kumi na moja niko hapa. Sijamwona akiandika jioni hata siku moja. Jioni anasema macho yake yamefunga duka."

Kobe alipanda ngazi. Sebule ya Mzee ilikuwa ndogo, safi, na kuta zake zilikuwa na saa tisa. Nane zilitembea, moja ilisimama saa kumi na dakika kumi na mbili. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na duara za chai zilizopandana, nyingine za zamani mpaka zimekula rangi ya mbao. Kalamu ilikuwa kando ya duara, imefunikwa. Alikaa kwenye kiti cha Mzee, akaitoa mfukoni shajara aliyotoka nayo kituoni, akaifungua. Ukurasa wa Ijumaa ulikuwa mtupu. Hilo halikumshangaza mtu, maana Ijumaa Mzee alikuwa hospitalini. Lakini kama Mzee huandika asubuhi, huwa anaandika habari za siku gani? Saa moja ya asubuhi bado hakuna mshonaji wa saa kumi.

Akaingia chumba cha kulala. Wenzake walikuwa wamechora chaki sakafuni, wakachukua sampuli ya damu kwenye ukingo wa kitanda, wakaandika: stuli imepinduka, dalili ya purukushani. Miwani ya kusomea ilikutwa chini ya mzee, kioo kimoja kimevunjika. Kobe aliinua stuli. Juu ya kiti chake, kwenye vumbi jembamba, palikuwa na alama ya soli ya ndara, nzima, vidole vimeelekea kabati.

"Mtu anayesukumwa hasimami juu ya stuli," alijisemea.

Akaisimamisha stuli, akavua viatu, akapanda pembeni ya ile alama. Watu wote waliotangulia walikuwa wameangalia chini. Juu ya kabati zilijipanga shajara za zamani, migongo imebandikwa karatasi zenye mwaka. Alizihesabu: thelathini. Kati ya mwaka mmoja na mwingine palikuwa na pengo, mahali pasipo na vumbi. Na kutoka kwenye pengo mpaka ukingoni mwa kabati ilishuka michirizi minne mirefu: vidole vya mtu aliyetafuta pa kushika, asipate.

Cheche aliitwa kusogeza kabati. Nyuma yake, kati ya mbao na ukuta, shajara moja ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu. Ilikuwa ya miaka ishirini na mbili iliyopita. Kobe aliipiga picha mahali pake kabla ya kuitoa, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Kwa hiyo Mzee kaanguka?" Cheche aliuliza. "Hakupigwa?"

"Kaanguka akitafuta hii. Bado nataka kujua ukurasa wa Alhamisi ni wa siku gani."

Alirudi mezani, akaanza kufunua shajara ya mwaka huu kuanzia mwezi wa kwanza. Hakusoma yote. Alitafuta jambo lenye siku yake maalumu. Alilikuta ukurasa wa sita, akalikuta tena wa kumi na tatu, wa ishirini, wa ishirini na saba, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Akafunga kitabu. Ilikuwa saa nne na nusu.

Mpwa wa Mzee alikuwa muuzaji katika duka la dawa mtaa wa tatu. Alipomwona afande aliacha kupanga chupa.

"Mjomba kazidiwa?"

"Hapana. Nina swali dogo. Huwa unamtembelea siku gani?"

"Jumapili. Kila Jumapili, duka linafungwa."

"Jumatatu hujawahi?"

"Jumatatu tunapokea mizigo, afande. Jumatatu siwezi hata kukohoa. Muulize bosi."

Bosi wake, mama wa miwani ya mnyororo, alijibu akiwa ndani bila kutoa kichwa: "Na siku nyingine anakohoa sana!"

"Jumapili ya mwisho kabla hajaanguka ulimpelekea nini?"

"Betri za saa. Na ndimu. Akanisema sana, ati ndimu kavu kama mawe."

Kobe aliweka shajara juu ya kaunta, akaifungua ukurasa wa siku iliyofuata, akamgeuzia. "Soma kwa sauti."

"Jumatatu," mpwa alisoma. "Mpwa alikuja saa tano. Ndimu kavu. Shukrani: betri ni nzima, na mletaji ni mzima." Akarudi juu kuangalia siku iliyopigwa chapa. "Lakini Jumatatu sikwenda."

"Rudi nyuma wiki moja."

"Jumatatu. Mpwa alikuja na sabuni." Akafunua tena. "Jumatatu. Mpwa alikuja, akalala kitini." Mikono yake ilianza kufanya haraka. "Zote Jumatatu! Afande, mimi kila mara naenda Jumapili, naapa."

"Nakuamini. Mjomba wako anaandika asubuhi na chai yake. Anafungua ukurasa wa siku iliyoamka, anaandika yaliyopita jana yake. Kwake yeye siku haijakamilika mpaka ailalie. Ukurasa wa Alhamisi ni Jumatano. Alhamisi yenyewe ingeandikwa Ijumaa asubuhi, na Ijumaa asubuhi hakuwa na kalamu. Ile Ijumaa ulisoma kurasa ngapi?"

Mpwa alikaa juu ya kreti ya chupa za dawa. "Mmoja," alisema. "Niliona neno tuligombana, macho yakaingia giza." Akashika tama. "Nimemfunga mtu bure siku tatu."

"Ulimpenda mjomba wako. Sasa njoo uandike maelezo, tumfungue."

Mpwa alimtazama bosi wake. Yule mama alitoa kichwa kwa mara ya kwanza.

"Unaningoja mimi? Kimbia! Na koti uvue, usinichafulie."

Saa sita kasoro dakika ishirini Kobe alipanga vitu juu ya meza ya Mkuu: picha ya Cheche amelala, maelezo ya mpwa yaliyotiwa sahihi, kurasa thelathini na tisa za Jumatatu zilizowekewa karatasi, picha za vumbi, alama ya ndara, shajara iliyoanguka. Hakusema mengi. Mkuu alisoma, akarudia kusoma, akakwaruza kidevu.

"Kwa hiyo huyu mzee anaishi siku moja nyuma ya dunia."

"Fundi saa, Mkuu. Labda anaipa dunia nafasi ya kutulia."

"Na ningempeleka yule mwanamke mahakamani kwa sababu ya karatasi iliyopigwa chapa." Mkuu alichukua kalamu, akatia sahihi hati ya kumwachia. Kisha, bila kuinua uso: "Ahsante, Kobe. Hilo usilitangaze."

Simu ya mezani ililia kabla hajaufikia mlango. Mkuu alisikiliza, akasema ndiyo mara tatu, akaweka chini.

"Hospitali. Mzee kafungua macho tangu saa tano. Neno lake la kwanza, kauliza leo siku gani. Muuguzi akamwambia Jumatatu, Mzee akasikitika sana. Anasema ana kurasa nne hajaziandika, anataka kalamu. Kuhusu kichwa, anasema stuli ni nzee kuliko yeye, lawama ni zake mwenyewe."

Mshonaji alirudishiwa mapokezi utepe wake, akauvaa shingoni kabla ya viatu. Shangazi alimvamia kwa mikono miwili, akamwachia, akamvamia tena. Kisha akamgeukia Kobe, akamshika viganja, machozi yanamshuka bila kujificha.

"Sina cha kukupa, mwanangu."

"Nina swali tu, mama, la kufungia faili." Kobe aliweka ile shajara ya zamani mbele ya mshonaji. "Alhamisi Mzee alipanda juu ya stuli kuitafuta hii. Mwaka huo kulitokea nini?"

Mshonaji aliitazama karatasi ya mgongoni. Mkono ulipanda kwenye utepe ukabaki hapo.

"Mama yangu alifariki," alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Siku moja kabla, nilichezea mashine yake, nikavunja sindano, nikaificha. Akaniita kwa sauti kubwa, nikakimbilia kwa shangazi, nikalala hukohuko. Kesho yake akaanguka jikoni, hakuamka. Mimi najua tu kwamba aliniita na sikuitika." Alivuta pumzi. "Jumatano nilimwambia Mzee, wewe unaandika kila kitu, niangalizie, mama alikasirika kiasi gani? Akasema madaftari yake yana siri za jengo zima, hayafunguliwi yeye akiwa hai. Nikampigia kelele. Sikutaka kuwaambia polisi. Nani angeamini mtu mzima anagombania sindano?"

"Tarehe unaijua?"

"Ya kufariki? Kumi na nne, mwezi wa sita."

"Hiki ni kielelezo, siwezi kukupa uondoke nacho leo. Lakini meza hii ni yangu, na kusoma hakukatazwi."

Alimvalisha glavu. Mshonaji alifunua taratibu, kama anayefumua mshono asichane kitambaa. Akafika kumi na nne, mwezi wa sita, akafumba macho, akayafumbua. Kobe aliona uso wake ukikunjamana, kisha ukasimama.

"Mbona..." alisema. "Mbona hapa yu hai?"

"Soma, tukusikie," shangazi alisema.

Mshonaji alisoma. "Jirani wa chini alikuja kuazima koleo ndogo ya kutolea kipande cha sindano. Mwanawe kaivunja akijaribu kumshonea mama leso. Alinionyesha leso yenyewe, imeshonwa pande tatu, wa nne haujaguswa. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alisema hataushona upande huo, ataiacha leso kama ilivyo, mwanawe aje aimalize. Shukrani: kicheko kwenye ngazi."

Askari wa mapokezi, yule mwonja mkate, aliinuka akaenda kuangalia dirisha.

"Wifi yangu," shangazi alinong'ona. "Ndivyo alivyokuwa akicheka. Lazima akae chini. Mwanangu, kuna leso kwenye sanduku langu iliyoshonwa pande tatu tu. Miaka yote nilidhani panya wameutafuna wa nne."

Kobe alielewa kabla ya kuulizwa. "Mzee huandika jana," alimwambia mshonaji. "Kumi na nne yenyewe iko ukurasa wa kumi na tano. Ukitaka, nitakufunulia."

Mshonaji aliweka kiganja juu ya karatasi, akaizuia isigeuke.

"Ahsante, afande. Hapa panatosha."

Alisoma mara ya pili, polepole, kwa ajili ya shangazi, na mara ya tatu kimya, kwa ajili yake. Kisha akafunga, akavua glavu, akazikunja vizuri kama kitambaa cha mteja. Akafuta uso.

"Muuguzi anasema Mzee anataka kalamu?"

"Anataka sana."

"Mwambieni namletea kesho asubuhi. Mapema, kabla hajanywa chai."

"Nenda, mwanangu," shangazi alisema, akifunga chombo chake cha chakula kilichobaki kipande kimoja. "Lakini mlango wa hospitali, tafadhali, ufunge taratibu."